Bastola kubwa yenye slaidi ya kufungia doti: kwa mtu wa Kigoma inalipa au ni mbwembwe tu?

Mla Mgebuka (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za mihangaiko, na wazee wote mlioko humu shikamooni.

Niweke sawa kabla hatujaanza, huu uzi ni wa wenye leseni au walioko kwenye foleni ya leseni. Kama unawaza zile zinazovuka ziwa usiku ama kupita vichochoro vya Manyovu basi pita kushoto, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina utani na mi sitaki mtu aje kusema alielekezwa na uzi wangu.

Mi mfanyabiashara wa duka la jumla hapa Kigoma mjini, kuna siku mauzo yanachelewa benki inakuwa imefunga basi yanalala na mimi. Mchakato nilianzia serikali ya mtaa ukapanda kamati ya ulinzi na usalama mpaka polisi wilaya na kuendelea, saivi nimebakiza kuchagua chombo chenyewe na hapo ndo kichwa kinauma maana kila mtu ana yake.

Nataka moja tu ifanye kazi mbili, kupigia shabaha nikipata nafasi ya renji, na usiku kukaa kwenye sefu chumbani. Kutembea nayo kiunoni sokoni sina mpango. Sasa kama haivaliwi, habari ya udogo inakufa palepale. Naona watu wanakimbilia vile vidogo vya kuficha kwenye suruali halafu wakienda kupiga vinawaruka mkononi utadhani wameshika mgebuka mbichi, risasi ya kwanza ipo kwenye karatasi ya pili ipo kwa jirani. Bastola kubwa ina uzito wa kumeza teke la risasi ikitoka, ina mpini wa kuenea vidole vyote, na mtutu mrefu kidogo. Glock 17 mtutu wake ni milimita 114, Glock 19 ni 102, kwenye karatasi unaona si kitu ila ukijumlisha na mpini mrefu na risasi 17 dhidi ya 15 mkono unajua tofauti.

Kaliba ni 9mm basi, hilo sitaki hata tulijadili. FBI wenyewe walihangaika na .40 miaka na miaka wakarudi kwenye 9mm, na risasi za mazoezi za .45 ni bei juu na hazipatikani kirahisi.

Ninachotaka mnisaidie ni hizi slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga) zilizochongwa kiwandani kwa ajili ya doti. Kwa ambao hawajaziona, juu ya slaidi jirani na alama ya nyuma ya kulengea kuna sehemu imekatwa, imefunikwa kipande cha chuma na skrubu mbili, ukitoa kile kifuniko unaweka pleti kisha unafunga kile kioo kidogo chenye nukta nyekundu ya kulengea, ndo doti yenyewe. Glock wanaita MOS walianza nayo 2015, CZ wanaandika OR, Smith & Wesson waliita CORE, majina mengi kazi ile ile.

Msimamo wangu kwa sasa ni ninunue iliyochongwa hata kama doti yenyewe sina, maana ukinunua isiyochongwa ukabadili mawazo mwakani nani atakuchongea slaidi huku, fundi welding wa Katubuka? Na huyo akikubali ndo ukimbie, silaha yenye namba kwenye leseni haipelekwi kwa fundi wa mtaani akaifanyie majaribio.

Nilizoziweka mezani: Glock 17 Gen5 MOS, CZ P-10 F, Walther PDP ile ya inchi nne na nusu, na Canik METE SFT. Mwenye kuzijua aje. Ila tusiletane habari za kwenye sinema.

Kiberenge

Nimekaa siti ya dirishani, gari moshi liondoke

Usiku wa Ujiji

Mkuu umetaja mji umetaja duka umetaja hela inalala ndani, imebaki kututajia rangi ya geti. Hariri hiyo post haraka

Mla Mgebuka

Maelezo ya makazi nimeyachanganya makusudi mkuu, usihofu. Ila umenena.

Mha wa Jangwani

Mwakeye ndugu zangu. Mi mtoto wa Kasulu saivi nipo Phoenix, Arizona, huku bastola ni bidhaa ya dukani kama zilivyo cherehani kwahiyo nimebahatika kushika nyingi. Nitakwambia ninachokijua ila ujue mazingira ni tofauti sana, huku naingia renji jioni baada ya kazi nakodi bastola tatu napiga nalinganisha, wewe huko utachagua kwa kushika tu dukani na pengine dukani kwenyewe kuna aina mbili. Kwahiyo la kwanza, orodha yako ni nzuri ila muulize mwenye duka mwenye leseni analeta nini na magazini (vile visanduku vya risasi) za akiba anazo. Bastola nzuri yenye magazini moja tu ni mateso.

Nije kwenye orodha. Glock 17 MOS haina raha yoyote, triga (kifyatulio) yake ya kawaida, mpini una pembe ambayo wengine haiwakai, lakini ni ile kitu inakubali kuchakaa na kusahaulika na bado inalia. Ipo tangu jeshi la Austria liichukue 1982, kila spea unayoiwaza ipo duniani. Ubaya ni pleti zake, zile za kiwandani zina ulegevu kidogo na skrubu ni fupi, wengi huku wanatoa zile wanaweka za chuma za makampuni mengine.

CZ P-10 F magazini yake inabeba 19, triga ni nzuri kuliko ya Glock kwa mtazamo wangu, mpini umekaa kama umefinyangwa. Majirani zetu wa Kenya Ceska wanazijua siku nyingi, kwahiyo ukanda huu sio chuma kigeni.

Walther PDP ndo napenda mimi. Ilitoka 2021 na tangu mwanzo ilichorwa kwa ajili ya doti, slaidi ina mikwaruzo mikubwa ya kushikia, triga safi. Ila ina teke la juujuu zaidi ya Glock, mtutu unapanda, wengine hawapendi. Inabeba 18.

Canik ni Mturuki, inatoka Samsun, ukinunua boksi unakuta na holsta (ala ya bastola) na takataka nyingine za maana, na bei yake ni ya mtu mwenye watoto wa shule. Triga yake ni nyepesi, renji utafurahi. Kwa kazi ya usiku umetoka usingizini mikono inatetemeka, wepesi huo mi unanipa mawazo.

Usiulize sasa hivi SIG P320 kwanini sijaitaja. Jeshi la Marekani waliichagua Januari 2017 wakaiita M17 na M18, mwaka huohuo Agosti kampuni ikatangaza marekebisho ya hiari baada ya kuonekana zinaweza kufyatuka zikidondoka. Baada ya hapo kesi hazijaisha, walalamikaji wanasema inajifyatua, kampuni inasema iko salama. Wewe unayetaka moja ya kukaa nayo miaka, kwanini uingie kwenye ugomvi wa watu?

Mstaafu wa Kambi

Marahaba wanangu.

Mimi ni wa zamani. Sisi tulifundishwa alama ya mbele, alama ya nyuma, pumzi, kidole. Hakukuwa na betri. Sasa kijana unaniambia usiku mwizi yuko koridoni wewe unawaza betri? Kitu chenye betri kitakusaliti siku unayokihitaji. Nunua bastola jifunze kulenga, mambo ya taa nyekundu waachie wanaocheza.

Halafu mnaongelea bastola kama mnachagua viatu. Hiyo inaua, na risasi ikitoka hairudi.

Mha wa Jangwani

Shikamoo mzee wangu. Naomba nikujibu kwa adabu zote, mtu wa kwanza kufaidi doti ni mwenye umri wako. Macho yakishafika miaka ya hamsini na kuendelea alama ya mbele inakuwa ukungu, ukiiona vizuri shabaha inapotea, ukiona shabaha alama inapotea. Doti unatazama shabaha tu, macho yote mawili wazi, nukta inakuja yenyewe pale unapotazama. Hakuna kupanga vitu vitatu kwenye mstari.

Kuhusu betri, doti nzuri za saivi zinakaa miaka zikiwa zimewashwa. Aimpoint ACRO P-2 wanatangaza masaa elfu 50 kwa betri moja. Unabadilisha kila mwaka tarehe moja hata kama haijaisha, mi nabadili Sikukuu ya Uhuru. Na alama za chuma unaziacha palepale, zile ndefu zinazoonekana kupitia kioo, doti ikizimika unaendelea kama ulivyofundishwa kambini.

Mstaafu wa Kambi

Hapo kwenye macho umenigusa mwanangu. Endelea.

Dagaa Hewani

Betri mnazozungumzia zinauzwa wapi? Niseme kwa huku. CR2032 unaipata duka lolote la vifaa vya umeme, inaingia kwenye kompyuta, kwenye rimoti za magari, kwenye mizani ndogo. CR1632 unene ni uleule ila kipenyo chake kidogo, hiyo unaweza kuzunguka Kigoma nzima ukaambiwa njoo kesho. Sasa Holosun 507C inatumia CR1632, Trijicon RMR inatumia CR2032, ACRO P-2 pia CR2032. Mtu wa Marekani hawezi kuliona hili lakini sisi ndo linatuamulia. Holosun ina kipande cha sola juu kinasaidia mchana ila wewe kazi yako ni usiku bwana.

RMR nayo ina kero, kubadili betri lazima uifungue kwenye slaidi halafu ukishairudisha inabidi uhakikishe tena inapiga unapolenga. Holosun betri ipo pembeni kwenye kidroo, huigusi slaidi. Chagua kero yako. Ukiagiza Holosun agiza na betri pakiti nzima.

La pili ni hewa ya ziwa. Chuma kinashika kutu ukilala, na masika kioo kinashika ukungu ukitoa bastola kwenye sefu baridi kuipeleka nje kwenye joto. Zile doti za wazi, mwanga unatoka nyuma unapiga kioo cha mbele, tone moja la mvua au nyuzi ya pamba ikikaa pale kwenye kitaa basi nukta inatapanyika au inapotea. Zile za boksi lililofungwa pande zote kama ACRO au Holosun 509T hilo tatizo hazina, unafuta kioo cha nje na shati maisha yanaendelea. Kwa huku, na kwa Tabora kule kwa vumbi la kiangazi, mi ningeenda na boksi.

Kiberenge

Mbwa wawili na geti la chuma haviombi betri 😂

Binti Tumbaku

Nawasalimu kutoka Urambo, Tabora. Kaka zangu mnaandika kama wote mna mikono ya kubeba magunia. Mi nina leseni, biashara yangu ni tumbaku na nasafiri na hela msimu wa masoko, na kitu cha kwanza nilichogundua nikishika hizo kubwa ni kidole hakifiki kwenye triga vizuri, nikilazimisha mkono unazunguka kwenye mpini na risasi yote inaenda kushoto. Hapo hakuna doti itakayokuokoa.

Kwahiyo mtu akija dukani apime hivi. Hakikisha iko tupu, magazini nje, chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) umeangalia kwa jicho na kwa kidole, muombe ruhusa mwenye duka. Shika juu kabisa ya mpini, mtutu uwe kwenye mstari na mkono wako, weka kidole kwenye triga uone kama kinakaa kwenye nyama ya kidole cha shahada bila kuhama. Kisha vuta slaidi. Ukiivuta kwa shida ukiwa umetulia dukani, usiku wa manane utaivutaje? Hizi zote zina migongo ya mpini ya kubadilisha, ndogo kati kubwa, omba waibadilishe usikubali iliyopo kwenye boksi. Walther walitoa PDP F mwaka 2022, mpini mdogo, triga ipo karibu, slaidi inavutika kirahisi, mi ndo iliyonikaa. Ni fupi kuliko hiyo anayoitaka mwanzisha uzi lakini inachukua doti vilevile.

Na kingine kaka, nyumbani kwako unaishi peke yako? Kama mama watoto naye anaweza kulazimika kuitumia, basi nenda naye dukani.

Mla Mgebuka

Dada hapo kwa mama watoto umenipiga chini, hilo sikuliweka kwenye hesabu kabisa. Yeye mkono wake mdogo. Glock na ule mgongo mdogo ataiweza, Canik sijui.

Naomba swali, hii nukta saizi gani? Naona wanaandika MOA 2, MOA 6.

Mha wa Jangwani

MOA ni kipimo cha pembe, MOA moja ukiwa mita 25 ni kama milimita 7 hivi. Kwahiyo nukta ya MOA 2 pale inafunika sentimita moja na nusu, ya MOA 6 inafunika kama sentimita 4 na nusu. Nyumbani hutopiga mita 25, utakuwa mita 5 au 7, hapo hata ya 6 ni ndogo tu kwenye shabaha ila jicho linaidaka haraka. Renji ukipenda kupiga vitundu vinavyogusana utaitaka ya 2 au ya 3. Mi ya 6 kwa nyumbani.

Ila kabla hujatoa hela, kama una tatizo la astigmatism (umbo la jicho halijakaa sawa, vitu vinaonekana vimevutika) jaribu kwanza, wapo wanaoona nukta imekuwa koma au imekuwa rundo la zabibu. Angalia kupitia kamera ya simu, kamera ikiiona duara wewe ukaiona koma basi tatizo ni jicho sio kifaa. Wengine hao duara kubwa lenye nukta katikati linawasaidia, ama wanabaki na chuma na hawakosi kitu.

Na niseme ambalo wauzaji hawalisemi, siku za mwanzo doti inakufanya mjinga. Unanyanyua bastola kioo kitupu, nukta haipo, unaanza kutikisa mkono kuitafuta. Hiyo ni kwa sababu mkono umezoea kupandisha mtutu kidogo. Dawa yake ni kunyanyua bila risasi, nyumbani, risasi zote zipo chumba kingine, ukutani umebandika kikaratasi, unatazama karatasi unanyanyua mpaka nukta ianze kuja bila kuitafuta. Dakika chache kila siku. Kama huna moyo wa kufanya hivyo usinunue doti, utakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa na alama za chuma.

Dagaa Hewani

Na skrubu. Pleti na doti zifungwe na gundi ya skrubu ile ya bluu, usafishe mafuta kwanza, ukaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya kifaa na sio kwa hasira. Chora mstari mdogo wa rangi kati ya kichwa cha skrubu na doti, ukiona mstari umevunjika ujue imelegea. Skrubu ndefu kupita kiasi inaweza kugusa vitu vya ndani ya slaidi, hapo ndo mtu anasema bastola mbovu.

Usiku wa Ujiji

Mbona hakuna anayeongelea tochi? Umeme ukikatika doti utaiona, mtu humuoni. Unamlenga nani, mwizi au shemeji aliyeamka kwenda maji ya kunywa?

Mha wa Jangwani

Huyu kaongea kuliko sisi wote. Kwa hela ya doti nzuri ningeanza na tochi, hata ya mkononi tu yenye kubofya nyuma. Ya kufunga kwenye reli ya chini ya mtutu ni nzuri ila ina hatari yake, kummulika mtu nayo maana yake umemnyooshea mtutu, kwahiyo ya mkononi iwepo hata kama ile nyingine unayo.

Mstaafu wa Kambi

Na ukuta je? Nyumba nyingi za huku kuta ni tofali la kuchoma, sawa, lakini milango ni mbao, dari ni jipsam, banda la uani ni mabati. Risasi ya 9mm ile ya kichwa cha mviringo inapita mbao na bati kama hakuna kitu. Kabla hujanunua chochote zunguka nyumba mchana, ujue upande gani wanalala watoto na upande gani wa jirani, na kutokea wapi huwezi kupiga kabisa hata iweje. Sisi tuliita eneo la marufuku. Ukishalijua hilo utaona kuna pembe moja au mbili tu za nyumba yako ambapo bastola ina maana, kwingine kote ni kufunga mlango wa chumba, kupiga simu na kupiga kelele majirani waje.

Sheria Mkononi

Naongezea kwa mzee. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 18 na vinavyofuata vinakupa haki ya kujitetea wewe, mtu mwingine na mali, lakini kwa nguvu za kadiri. Mtu anayekimbia ameshageuka mgongo na redio yako begani sio mtu wa kupigwa risasi, hapo utajieleza wewe mahakamani. Na silaha ni yako wewe mwenye jina kwenye leseni. Hilo wazo la kwenda na mke dukani ni zuri ila msidhani leseni ya mume inamtosha na mke, mkaulize polisi kwenye ofisi inayoshughulikia leseni kabla hajaishika kwa mazoezi.

Binti Tumbaku

Asante kwa hapo mwisho, mi yangu ni ya jina langu nikasahau wengine hawana.

Mla Mgebuka

Wakuu nimesoma yote na kuna mengine nimeyarudia. Nimeamua hivi. Glock 17 MOS kama mwenye duka ataipata, ikishindikana CZ P-10 F iliyochongwa, yoyote itakayokuja na magazini za akiba. Canik nimeitoa sio kwa ubaya ila kwa triga na kwa mama watoto. Walther naipenda lakini spea zake huku nitazitafuta kwa tochi.

Doti sinunui mwaka huu. Hela inaenda kwenye sefu ya kufungwa ukutani kwa bolti, tochi, na risasi za mazoezi kwa kadiri kibali kitakavyoruhusu. Nikishaona alama za chuma nazipiga bila aibu ndo nitaagiza ya boksi yenye CR2032, kwa utaratibu halali na polisi wakijua ninachofunga.

Shemeji wa Arizona, ile ya kunyanyua bila risasi inafaa pia kwa alama za chuma?

Mha wa Jangwani

Inafaa sana, na Glock haiumii kwa kubofywa tupu ila kila mbofyo lazima uvute slaidi kidogo kurudisha triga. Tafuta risasi za mfano za plastiki uziweke kwenye chemba. Ukimaliza mazoezi useme kwa sauti "nimemaliza", ufunge sefu, usirudie hata kamoja. Ajali nyingi za mazoezi ya nyumbani zinatokea pale mtu alipokwisha kurudisha risasi akasema ngoja nijaribu ka mwisho.

Kiberenge

Sefu ya ukutani hapo mjini bei gani? Naulizia ya hela na vyeti mimi, silaha sina

Mla Mgebuka

Usichukue zile nyepesi zinazobebeka na mkono mmoja mkuu, hizo mwizi anaondoka nazo anaenda kufungulia kwake. Chukua yenye matundu ya bolti nyuma na chini, na yenye funguo ya akiba, maana zile za namba tupu zinatumia betri za AA na zikiisha ukiwa umefungia funguo ndani utamwita fundi akuvunjie. Bei ntakutajia kesho nikipita dukani.